Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: wafundisheni wahudumu kumpokea mtu aliyejidhuru

Kwa wakurugenzi wa hospitali, wasimamizi wa huduma za uuguzi, wakuu wa vyuo vinavyofundisha madaktari na wauguzi, na wote wenye mamlaka ya kuidhinisha bajeti ya afya.

Waheshimiwa,

Nimefanya kazi ya uuguzi katika kitengo cha dharura kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninawaandikia kuhusu mgonjwa ambaye tunajua kumshona, kumtundikia dripu na kuokoa maisha yake, lakini hatujui kuongea naye. Ni mtu aliyejidhuru kwa mkono wake mwenyewe. Ombi langu ni hili: kila mhudumu anayekutana na mtu huyu, kuanzia mlinzi wa getini na karani wa mapokezi hadi daktari bingwa, afundishwe namna ya kumpokea, na wale wanaomtibu wafundishwe kuzungumza naye, kumtathmini na kumsaidia kabla hajaruhusiwa. Mafunzo hayo yaingie kwenye ratiba ya zamu na kwenye bajeti. Semina za siku moja, zenye picha ya pamoja na vyeti, tumeshahudhuria, na kesho yake tumerudi wodini tukiwa vilevile.

Niwaeleze yanayotokea, maana ripoti zinazofika mezani kwenu haziyasemi. Ripoti husema mgonjwa alipokelewa, jeraha likashonwa, akaruhusiwa. Haisemi kwamba pale mapokezi aliulizwa shida yake kwa sauti iliyosikika hadi benchi la mwisho. Haisemi kwamba alikalishwa pembeni kwa saa nyingi kwa kuwa walikuwepo "wagonjwa wa kweli" wa kuhudumiwa kwanza. Haisemi kwamba aliyekuwa akiandaa uzi wa kushonea aliona hakuna haja ya ganzi kwa mtu aliyejiumiza mwenyewe. Wala haisemi kwamba, kati ya wote waliomgusa usiku ule, hakuna hata mmoja aliyemwambia pole na kumuuliza imekuwaje.

Ulimi hauna mfupa. "Anajitakia huyo." "Anatafuta kuonewa huruma." "Angetaka kufa kweli asingefika hapa." Maneno haya husemwa kando ya kitanda, na mgonjwa anayasikia hata akiwa amefumba macho. Anaondoka nayo. Siku nyingine akizidiwa, atayakumbuka kabla hajakumbuka njia ya kuja hospitali, na huenda akaamua kubaki na jeraha lake chumbani. Kwangu mimi hili ndilo dhara kubwa kuliko yote tunayoyafanya, kwa sababu kitengo cha dharura ni miongoni mwa sehemu chache ambazo mtu aliyefikia hali hiyo hujitokeza mbele ya macho ya watu wanaoweza kumsaidia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na wengi wao wanatoka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaojaribu na kunusurika ni wengi zaidi ya hao, na mtu aliyewahi kujaribu yuko katika hatari kubwa kuliko asiyewahi. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kati ya watu wanaofika hospitali baada ya kujidhuru, karibu mmoja katika 6 hurudia ndani ya mwaka mmoja, na karibu mmoja katika 25 hufa kwa kujiua ndani ya miaka 5. Ugonjwa mwingine wowote ungekuwa na hesabu kama hizo, tungekuwa na kliniki ya kuufuatilia, kadi ya mahudhurio, na mtu wa kupiga simu mgonjwa asipotokea. Huyu wetu hupewa dawa ya maumivu, kama ana bahati, na kuonyeshwa mlango wa kutokea.

Tusichanganye mambo pia. Si kila anayejidhuru anataka kufa. Wako wanaojiumiza ili wavumilie, ili maumivu yasiyosemeka yapate mahali pa kutokea, au ili wahisi chochote baada ya siku nyingi za kutohisi kitu. Wako waliotaka kufa asubuhi na jioni hawataki tena. Wako ambao wenyewe hawajui walitaka nini. Kwa hiyo tabia ya kuwagawa mafungu mawili, waliokusudia na wanaoigiza, haina msingi wowote wa kitabibu, na ni hatari. Yule anayeambiwa anaigiza leo ndiye yuleyule anayehesabiwa ndani ya ile sehemu moja ya 25.

Sitaki barua hii isomwe kama mashtaka dhidi ya wenzangu. Nawafahamu. Wengi wao ni watu wema waliochoka, wanaohudumia vitanda vingi kuliko mikono yao. Mwaka 2012 yalichapishwa mapitio ya tafiti za nchi nyingi kuhusu mitazamo ya wahudumu wa hospitali kwa watu wanaojidhuru, na yaliyokutwa ndiyo ninayoyaona kazini: hasira, kuudhika, na hisia ya kutokuwa na la kufanya, hasa katika hospitali za kawaida kuliko kwenye vitengo vya afya ya akili. Lakini mapitio hayohayo yalionyesha kwamba waliopata mafunzo walibadilika, kwa ujuzi na kwa mtazamo. Hapo ndipo penye tumaini langu. Mara nyingi kinachoonekana kama ukali ni woga. Muuguzi anaogopa kuuliza swali halafu apewe jibu asilojua alifanyie nini. Anaogopa akikosea maneno mgonjwa atakwenda kujimaliza na lawama itamrudia yeye. Basi anachagua kunyamaza, au kukemea, maana kwa hayo mawili hahitaji ujuzi wowote.

Woga mkubwa kuliko wote unahusu swali lenyewe. Nimewasikia madaktari wenye miaka mingi kazini wakisema usimuulize mgonjwa kama anafikiria kujiua, utampandikizia wazo. Si kweli, na kuna ushahidi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi zaidi ya 2,300 wa shule za sekondari katika jimbo la New York, Marekani. Baadhi yao waliulizwa kuhusu mawazo ya kujiua, wengine hawakuulizwa. Waliopimwa baadaye hawakuonekana kuumizwa na kuulizwa, na wale waliokuwa tayari na dalili za msongo au waliowahi kujaribu kujiua hawakuwa na hali mbaya zaidi. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa ni nafuu. Mtu aliyebeba wazo hilo peke yake kwa muda mrefu hupumua anapolisikia likitamkwa na mtu asiyeshtuka. Lakini kulitamka bila kushtuka, kwa sauti ya kawaida, ukiwa umekaa, na kisha kunyamaza na kusubiri jibu, ni ujuzi. Haumjii mtu kwa kuvaa sare.

Sasa niseme kuhusu tathmini yenyewe, maana hapa ndipo nyinyi wakuu mnaweza kupoteza fedha kwa nia njema. Kishawishi ni kununua fomu. Fomu ina maswali kumi hivi, kila jibu lina alama, unajumlisha, unapata hatari ndogo, ya wastani au kubwa. Mkaguzi akija anaikuta kwenye faili na anaridhika. Shida ni kwamba fomu hizo hazijui kutabiri. Septemba 2022, NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilitoa mwongozo mpya kuhusu kujidhuru, na ndani yake iliandika waziwazi: vipimo na fomu za alama zisitumike kutabiri nani atajiua au nani atarudia kujidhuru, zisitumike kuamua nani apewe matibabu na nani aruhusiwe, na wagonjwa wasigawanywe katika hatari kubwa, ya wastani na ndogo. Tafiti zilizofanyia majaribio fomu hizo zimeonyesha kwamba wengi sana kati ya wanaoitwa hatari kubwa hawafi kwa kujiua, huku sehemu kubwa ya vifo ikitoka kwa walioitwa hatari ndogo. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Kundi la hatari ndogo ni kubwa mno, na ndilo linalorudishwa nyumbani bila kitu.

Badala ya kutabiri, mwongozo huo unataka tuelewe. Tathmini ya kisaikolojia na kijamii ni mazungumzo yanayomtafuta mtu na mahitaji yake. Nini kilitangulia, siku ile na wiki zile? Ulikuwa ukitarajia nini kitokee? Ulipozinduka na kujikuta hai, ulijisikiaje? Je, mambo yaliyokufikisha huko bado yapo, na utayakuta ukirudi? Nani unaishi naye, na nani kati yao anakutisha? Kuna deni, ugonjwa usiopona, maumivu ya mwili, pombe, msiba, mimba, kesi, kufukuzwa shule au kazi? Ulishawahi kupita katika hali hii, na mara ile ulitokaje? Ni nini kilichokuzuia siku nyingine zote? Na swali ambalo huwa halimo kwenye fomu yoyote niliyowahi kuiona: wewe mwenyewe unadhani nini kitakusaidia?

Nisisitize lile la nani anamtisha. Nimeona mara nyingi mno mgonjwa akihojiwa huku mtu aliyemfikisha katika hali ile amekaa pembeni ya kitanda, ameshika mkoba wake, anajibu maswali kwa niaba yake. Mgonjwa anatikisa kichwa, anakubali kila kitu. Mhudumu aliyefundishwa atamwomba ndugu huyo, kwa heshima zote, asubiri nje kidogo. Atatafuta pazia, chumba, kona yoyote yenye faragha. Kama lugha hazipatani atatafuta mkalimani asiye wa familia. Kwa mtoto au kijana atazungumza na mzazi, kwa sababu mzazi anahitajika, lakini atahakikisha pia kijana amepata dakika zake peke yake. Na atamweleza tangu mwanzo mipaka ya siri: kwamba atakayoyasema yatabaki kwa wanaomtibu, isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini.

Wazee nao tunawasahau. Mtu aliyevuka miaka 65 akijidhuru, wahudumu husema ni kuchanganyikiwa kwa uzee, au alikosea dawa. Kumbe ni kundi ambalo kujidhuru kwake kunapaswa kuchukuliwa kwa uzito wa pekee, kwa kuwa uwezekano wa kifo kufuatia ni mkubwa zaidi.

Suala la muda nalo linahitaji uamuzi wenu. Desturi ni kumaliza kwanza ya mwili, halafu ndipo labda aitwe mtu wa afya ya akili, kama yupo, na kama si usiku, na kama si mwisho wa wiki. Mgonjwa akinukia pombe huambiwa asubiri hadi itoke. Mwongozo wa mwaka 2022 unasema tathmini isicheleweshwe kungoja matibabu ya mwili yakamilike, na kiwango cha pombe kwenye pumzi au damu kisitumike kuwa kisingizio cha kuichelewesha. Linalotazamwa ni kama mtu anaweza kuzungumza au hawezi. Hili si jambo la kumwachia muuguzi wa zamu apambane nalo. Linatakiwa liandikwe kwenye utaratibu wa hospitali na kusainiwa na mkuu wake.

Baada ya mazungumzo lazima kuwe na kitu mkononi mwa mgonjwa anapoondoka. Kipo, na ni karatasi moja. Unakaa naye mnaandika pamoja mpango wa usalama, kwa maneno yake mwenyewe: dalili zinazomwambia kwamba wimbi linakuja, mambo anayoweza kufanya peke yake kulipitisha, watu na mahali pa kwenda akili ipate kupumzika, watu anaoweza kuwaambia ukweli, wahudumu na simu za msaada, na namna ya kuweka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Kipengele hicho cha mwisho hakihitaji utaalamu mkubwa, kinahitaji kuthubutu kumuuliza na kumshirikisha mtu wa nyumbani anayemwamini, kwa ridhaa yake. Saa za hatari kubwa mara nyingi ni chache, na kitu kisipokuwa karibu katika saa hizo, mtu hupita akaiona siku ya pili. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo kutoka vitengo 9 vya dharura vya hospitali za maveterani, yaani askari wa zamani, nchini Marekani, yaliyohusu wagonjwa 1,640. Pale ambapo mpango wa namna hii uliandikwa na mgonjwa akapigiwa simu baada ya kuruhusiwa, matukio ya kujaribu kujiua na mengine yanayofanana nayo katika miezi 6 iliyofuata yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 45 ukilinganisha na hospitali zilizotoa huduma ya kawaida.

Kuna watakaosema, hayo ni ya Marekani. Basi wasikilize ya mji wa Chennai. Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti katika miji mitano: Campinas nchini Brazili, Chennai nchini India, Colombo nchini Sri Lanka, Karaj nchini Iran na Yuncheng nchini China. Wagonjwa 1,867 waliofika vitengo vya dharura baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilipata huduma ya kawaida. La pili liliongezewa mazungumzo ya takriban saa moja ya ana kwa ana kabla ya kuruhusiwa, kisha likafuatiliwa mara 9 katika kipindi cha miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa lazima madaktari bingwa. Muuguzi, mwanasaikolojia au daktari wa kawaida aliweza. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika kundi la huduma ya kawaida asilimia 2.2 walikuwa wamekufa kwa kujiua, na katika kundi lililofuatiliwa ni asilimia 0.2.

Soma tena tofauti hiyo, mheshimiwa. Saa moja na kufuatiliwa mara tisa.

Huko Newcastle, Australia, mwaka 2005, watafiti walitoa matokeo ya jaribio dogo zaidi ya hilo. Walituma kadi 8 kwa njia ya posta katika muda wa miezi 12, zenye maneno machache ya kumjulia hali mtu na kumkaribisha aandike akitaka. Idadi ya watu waliorudia kujidhuru haikushuka kwa kiasi cha kujivunia, lakini jumla ya mara walizorudia ilipungua kwa karibu nusu. Sisemi kadi zinatosha. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu huyu anapata nafuu kwa kujua kuna anayemkumbuka, na kumkumbuka ni kazi ambayo hospitali inaweza kuipanga. Mwongozo niliokwisha kuutaja unataka awe amefikiwa ndani ya saa 48 baada ya tathmini. Kwa hospitali yenye simu moja na daftari, hilo linawezekana kuanzia wiki ijayo.

Liko jambo la sheria ambalo siwezi kulipita. Katika baadhi ya nchi kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na mgonjwa anaweza kukuta askari kando ya kitanda kabla hajakutana na mshauri nasaha. Nchi kadhaa zimeachana na hilo: sheria ya afya ya akili ya India ya mwaka 2017 ililegeza, Pakistan ikafuta mwaka 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikatamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na katiba. Popote sheria ya zamani ilipobaki, mgonjwa hudanganya. Anasema aliteleza, alikosea chupa, ajali ya jikoni. Mhudumu anaandika ajali, na tathmini inaishia hapo. Nyinyi mna sauti ya kuzungumza na watunga sheria, itumieni. Wakati huohuo wahudumu wafundishwe wajibu wao ni upi na si upi, maana wengi hudhani kupiga simu polisi ni sehemu ya matibabu.

Najua jibu litakalokuja: hatuna wataalamu wa afya ya akili. Ni kweli, na ndiyo sababu ninaandika. Mpango wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, ulioanzishwa mwaka 2008, ulitungwa kwa ajili ya mahali pasipo na wataalamu. Mwongozo wake wa tiba una sehemu nzima inayohusu kujidhuru na kujiua, iliyoandikwa kwa ajili ya muuguzi na daktari wa kawaida. Tunao mtaala. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: kila mwajiriwa mpya apitie, na kila wa zamani arudie baada ya muda fulani, kama tunavyofanya kwa kumhudumia mtu aliyesimama moyo. Hakuna anayeruhusiwa kusema kufufua mapigo ya moyo ni kipaji cha kuzaliwa.

Mafunzo yenyewe yawe ya kutenda. Mkiweka slaidi mia moja ukumbini, hakuna atakayebadilika. Wapeni wahudumu nafasi ya kukaa watatu watatu, mmoja awe mgonjwa, mmoja aulize, na wa tatu asikilize na kusahihisha. Wajaribu kulitamka swali gumu mara nyingi hadi koo lilegee. Wajifunze la kusema mgonjwa akikataa kuzungumza, akitukana, akitaka kuondoka kabla ya matibabu, akirudi kwa mara ya sita ndani ya miezi mitatu. Huyu wa mara ya sita ndiye mtihani wa kweli. Kwake subira huisha mapema, na faili lake nene humsemea vibaya kabla hajafungua kinywa. Mlinzi naye afundishwe kusimama karibu bila kutisha. Karani afundishwe kumsogeza mtu pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini. Hayo ya wawili hawa huchukua mchana mmoja, na sijui kwa nini hayajafanyika tayari.

Na waalikeni waliowahi kulala kwenye vitanda vyetu. Mtu aliyejidhuru, akapona, na akakubali kwa hiari yake kutueleza ni neno gani lilimvunja na ni lipi lilimshika, hufundisha kwa nusu saa kile ambacho kitabu kingechukua muhula mzima. Alipwe kama mkufunzi mwingine yeyote. Asiitwe kutoa ushuhuda wa kuliza watu kisha akashukuriwa kwa chupa ya maji. Aketi mezani tangu mtaala unapopangwa. Na wewe uliyewahi kulala kwenye vitanda hivyo, kama unaisoma barua hii na uliwahi kutendewa vibaya na watu wenye sare kama yangu, nataka ujue kwamba ulistahili ganzi, ulistahili pazia, na ulistahili kuulizwa. Ukizidiwa tena, njoo, au mwite mtu wa karibu akulete.

Kitu kingine kinachosahaulika ni sisi. Baada ya usiku wa kumpoteza mgonjwa aliyejiua, muuguzi hukabidhi zamu, hunawa, na kurudi kwake na picha ambayo hana wa kumwambia. Wapo kati yetu wanaojidhuru pia. Wanaficha, kwa sababu wanajua vizuri kuliko yeyote wenzao watasema nini. Mafunzo yasiyo na usimamizi wa baadaye hufifia. Wekeni kikao cha mara kwa mara, hata cha saa moja kwa mwezi, ambamo wahudumu wanajadili wagonjwa waliowagusa bila kuogopa kuandikiwa barua ya onyo. Kifo kikitokea, uchunguzi uanze kwa kuuliza utaratibu ulikosea wapi. Hospitali inayotafuta mtu wa kumtoa kafara itapata wahudumu wanaojaza fomu ili wajilinde, na mgonjwa atakuwa wa mwisho kufikiriwa.

Gharama ipo, sitaficha. Muuguzi akiwa darasani lazima mwingine ashike kitanda chake, na huyo wa kushikilia analipwa. Chumba cha faragha kinahitaji ukuta na mlango. Simu za kufuatilia zinahitaji mtu na muda wa maongezi. Ila mgonjwa anayerudi mara ya pili, ya tatu na ya nne anagharimu pia: damu, chumba cha upasuaji, kitanda cha wagonjwa mahututi. Fedha hizo tayari mnazitumia, ila hazionekani kwa sababu zimetawanyika katika mafungu mengine.

Ninachoomba sasa ni majibu ya maandishi, na yabandikwe pale wahudumu wanapoweza kuyasoma. Mtaje nani katika kila hospitali atawajibika kwa mafunzo haya, kwa cheo chake. Mtaje kundi la kwanza litaanza mwezi gani, na mapokezi pamoja na zamu za usiku ziwemo katika kundi hilo, kwa kuwa wagonjwa hawa hufika sana usiku. Mtaje fungu la bajeti litakalotumika. Kisha kila baada ya miezi 6 mtangaze takwimu nne tu: wangapi walifika baada ya kujidhuru, wangapi walifanyiwa tathmini ya kweli, wangapi waliondoka na mpango wa usalama mkononi, na wangapi walifikiwa ndani ya saa 48. Hospitali ambazo hazina takwimu hizo zianze kwa daftari na kalamu. Sisi wa kitengo cha dharura tuko tayari kulijaza kuanzia siku mtakayotuambia.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa kitengo cha dharura